Pembe ya Watu Kumi na Wawili

Na ijulikane kwa watu wote, wake kwa waume, wenye mioyo mizima na wenye mioyo iliyogandishwa kwa gundi, kwamba alasiri ya Alhamisi ya mwisho ya mwezi Oktoba, mapenzi makuu kuliko yote yaliyowahi kuonekana mjini Paris yaliingia katika kanisa la kale la wafalme wa Ufaransa, yakiwa njiani kwenda kufa kifo cha heshima.

Yalichelewa dakika ishirini. Madamu Odile Charpentreau alikuwa amekataa kukabidhi mkasi wake wa kushonea kwenye meza ya ukaguzi.

Askari alimweleza kwamba lango hilo ni la mahakama vilevile, na hakuna anayepita na kitu chenye ncha. Madamu naye akamweleza askari kwamba mkasi huo ulikuwa wa marehemu mama yake, kwamba haukuzidi urefu wa kidole, kwamba tangu asubuhi kwenye treni alikuwa akishonea nao lebo za jina na namba ya shule kwenye soksi za mtoto, na kwamba kama Jamhuri inaogopa mkasi wa kukatia nyuzi, basi Jamhuri ina shida zake. Foleni nzima ilisikiliza kwa makini. Mwishowe mkasi ukatiwa ndani ya bahasha, Madamu akapewa kibati chenye namba, na binti zake wawili wakapita kwenye mashine wakiangalia viatu vyao.

Binti mkubwa ndiye mwenye hadithi. Jina lake Sidonie, umri miaka ishirini na saba, kazi yake mfamasia, na mfukoni mwa koti lake mlikuwa na pete iliyofungwa kwa karatasi laini. Binti mdogo, Apolline, wa miaka kumi na mitano, alikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, mgongoni amebeba begi la nguo. Huyu hana umuhimu wowote katika mambo haya. Tumemtaja kwa adabu, sasa tumwache.

Ngazi ya kupandia kanisa la juu ni nyembamba na inazunguka kama parafujo. Sidonie alipanda akihesabu vidato ili asifikirie jambo lingine. Alipotokea juu alisimama, na watu waliokuwa nyuma yake wakamgonga mgongoni. Jua la vuli lilikuwa limeingia kwa upande wa kusini, na vioo vyote vya rangi, kutoka usawa wa mabega hadi juu kwenye matao, vilikuwa vinawaka. Bluu na nyekundu zilimwagika sakafuni, zikapanda juu ya viatu vya watu, zikampaka mama yake shavu moja zambarau.

Mtu mwingine angeshukuru. Sidonie aliangalia kuta zile za vioo, moja baada ya nyingine, na wazo lililomjia ni kwamba kulikuwa na madirisha kumi na tano makubwa na hakuna hata moja lililotengenezwa lifunguke.

“Sema tena,” alisema Madamu, macho yake yakiwa kwa watakatifu.

“Mama, nimeshasema mara nne kwenye treni.”

“Na mara zote nne umeharibu neno la pili.”

Yalikuwa maneno mawili. Madamu ndiye aliyeyatunga, kwa sababu alijua kwamba binti yake akiachiwa kutunga mwenyewe atalia katikati. Neno la kwanza: Corentin, nimefikiri vizuri. Neno la pili: Nakurudishia pete yako, na Jumamosi sitafika. Baada ya hapo kugeuka, kutoka, kuwahi treni ya saa kumi na moja. Kijana huyo alikuwa kazini katika gereza la zamani lililo jirani na kanisa, ndani ya jumba hilohilo la wafalme, na kwa vile tiketi ya gereza na kanisa huuzwa pamoja kwa nafuu, Madamu alikata shauri kwamba hakuna sababu ya kuvunja uchumba bila kuona vioo.

Jumamosi ndiyo ingekuwa siku ya ndoa. Sidonie na Corentin walikuwa wamepanga kufunga ndoa kimyakimya, mbele ya meya wa mtaa wao hapa Paris, na mashahidi wawili tu, halafu Jumapili waende kwa mama na keki mkononi kumpa habari. Lakini kabla ya ndoa yoyote majina ya wachumba hubandikwa siku kumi kwenye ubao wa ofisi ya meya, na si pale ndoa itakapofungwa tu, bali pia pale kila mmoja anapoandikwa kuwa anaishi. Sidonie, miaka tisa yuko Paris, hakuwahi kubadilisha anwani. Hata kadi yake ya daktari wa meno ilikuwa bado inatumwa kwa mama. Kwa hiyo jina lake lilibandikwa Vaucreuse, mji wenye kanisa moja na duka moja la mikate, katikati ya tangazo la msimu wa kuwinda na tangazo la paka aliyepotea.

Madamu hakuliona yeye. Mke wa mwoka mikate ndiye aliyempa hongera, mbele ya foleni ya asubuhi.

“Nimeijua ndoa ya mwanangu dukani kwa mwoka mikate,” alisema siku ile kwenye simu, na kwa siku tisa zilizofuata alilisema kwa sauti mbalimbali. Alikuwa mjane wa mwaka na nusu. Duka la dawa la Vaucreuse lilikuwa la babu yake, kisha la baba yake, kisha lake yeye na mumewe. Kuhusu Corentin Kerdraon alisema mengi: kwamba ni mtoto wa wakulima wa koliflawa kutoka mwisho wa Bretagne, kwamba kazi yake ni kufunga na kufungua milango ya gereza lisilo na wafungwa, na kwamba mwanamume anayeficha ndoa leo ataficha kitu kingine kesho. Hili la mwisho ndilo lililomuuma Sidonie kuliko yote, na ndilo ambalo hakulijibu.

Hakulijibu kwa sababu aliporudi Vaucreuse kujieleza, mama yake hakupiga kelele wala hakufunga mlango. Aliandaa meza ya watu wawili, ya kwake na ya marehemu, kama alivyokuwa akifanya kila jioni, akaongeza sahani ya tatu pembeni kwa ajili ya mgeni, na huyo mgeni akawa Sidonie.

“Fanya utakavyo,” alisema Madamu. “Mimi nitakula tu.”

Hapo ndipo Sidonie alipokamatwa. Ukifungiwa ndani unaweza kupiga mlango mateke. Sahani ya baba utaipiga nini?

“Sema tena,” alirudia Madamu.

“Corentin, nimefikiri vizuri. Nakurudishia pete yako…”

“Usiitazame sakafu.”

“…na Jumamosi sitafika.”

Bibi mmoja mtalii aliyekuwa karibu akamtazama kwa huruma. Sidonie alihisi hewa ya kanisa lile imekwisha, yote imenywewa na rangi. Wakashuka kwa ngazi ileile nyembamba.

Gerezani kulikuwa na baridi ya chini ya ardhi. Ukumbi wa askari wa mfalme ni mkubwa kiasi cha kumeza kanisa, nguzo zake nene zimejipanga hadi gizani, na kila hatua inarudi masikioni. Madamu alichagua benchi, akakaa, akavua saa yake na kuishika mkononi.

“Dakika kumi,” alisema. “Mdogo wako atabaki na mimi.”

Apolline, ambaye hana umuhimu wowote, aliomba ruhusa kwenda msalani, kwa sauti ya upole na unyenyekevu mkubwa, kama walivyomfundisha masista wa shule yake. Akaruhusiwa. Akaenda na begi lake.

Corentin alikuwa zamu katika ua wa wanawake. Ni ua mdogo usio na paa, kuta ndefu pande zote, karo la jiwe walikofulia wafungwa wa kike zamani, meza ya jiwe, na juu kabisa kipande cha mbingu. Katika kona yake moja kuna sehemu ndogo iliyokatwa kwa uzio wa nondo, inaitwa Pembe ya Watu Kumi na Wawili. Wenyeji wa gereza husema kwamba hapo ndipo waliposimamishwa waliohukumiwa, kumi na wawili kwa kila kundi, kungoja gari la kuwapeleka kukatwa vichwa. Na kwamba wafungwa wa kiume walikuja kwenye nondo hizo kuzungumza na wake zao na wapenzi wao walioko upande wa ua. Corentin alikuwa ndani ya Pembe hiyo akiokota majani makavu na chupa ya maji aliyoirusha mtalii asiye na adabu. Uani walikuwepo Waholanzi wawili tu, mume na mke wazee, wamekaa kwenye meza ya jiwe na pakiti ya biskuti.

Aliinua kichwa, akamwona, na majani yote aliyoyaokota yakamtoka mkononi.

Alikuwa mrefu, mwenye nywele nyekundu zisizosikia kitana, na koti la kazi lililomwacha vifundo vya mikono nje. Walijuana miaka miwili iliyopita, Sidonie alipokuwa akifanya kazi katika duka la dawa ng’ambo ya daraja. Alikuja kununua peremende za koo, akaeleza kwamba ukumbi wa gereza una unyevu na kazi yake ni kusema kutwa nzima. Akarudi kesho yake. Akaja siku kumi na sita mfululizo, mpaka Sidonie akamwambia kwamba koo la namna hiyo linahitaji kukatwa.

“Umekonda,” alisema Corentin kutoka nyuma ya nondo.

“Nimekuja kukwambia maneno mawili.”

“Yako au ya mama yako?”

Sidonie alivuta pumzi. Aliiangalia kola ya koti la Corentin, kwa kuwa sakafu ilikuwa imekatazwa. “Corentin, nimefikiri vizuri.”

Hapo redio iliyokuwa kiunoni mwa Corentin ikakoroma, ikasema kitu cha haraka, ikarudia. Uso wake ukabadilika. Alivuta kilango cha uzio, akaingiza ufunguo, akazungusha mara mbili. Papo hapo ulisikika mlango mzito wa ua nao ukifungwa kwa nyuma, na mwingine mbali zaidi, na mwingine.

“Begi limeachwa bila mwenyewe,” alisema, sasa kwa sauti ya kazi, kwa Sidonie na kwa Waholanzi. “Liko mlango wa kutokea, kwa hiyo hakuna kutoka. Kila mtu anabaki alipo mpaka wategua mabomu wapite. Ni kawaida, hutokea kila mwezi. Tafadhali kaeni.”

Waholanzi waliitikia kwa vichwa, wakafungua biskuti. Sidonie alibaki amesimama, maneno yake mawili yamekatika katikati.

Zilipita dakika tano ambazo Corentin alizimaliza kwa kujibu redio na kuhesabu: sitini na wawili ndani ya jengo, wawili wazee uani, mmoja mtu mzima mwanamke.

“Mtu mzima mwanamke,” alisema Sidonie.

“Nisemeje? Wanataka idadi.” Alirudisha redio kiunoni. “Endelea. Ulikuwa umefikiri vizuri.”

Hakuweza. Maneno yale yalitungwa yasemwe na mtu anayeweza kugeuka na kuondoka. Aliangalia mlango uliofungwa, akaangalia kuta, akaangalia juu kwenye kipande cha mbingu. Akaona hewa imekwisha kama kule kwenye vioo.

“Nifungulie,” alisema. “Niingie huko, au wewe uje huku. Siwezi kuzungumza hivi.”

“Siwezi.”

“Ufunguo unao.”

“Ninao.”

“Huwezi au hutaki?”

“Nataka mpaka mkono unaniwasha.” Aliushika ufunguo, akauachia. “Lakini kila mlinzi ana mlango wake saa hizi, Sido. Nikifungua huu kwa sababu nakupenda, yule wa kule atafungua wake kwa sababu amechoka, na wa tatu kwa sababu mtu amemfokea. Hapo tutakuwa hatujui tena nani yuko wapi.”

“Wewe na amri zako.”

“Na wewe na zako.”

Sidonie aligeuza uso. Corentin alisubiri, kisha akasema kwa upole zaidi, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko hasira: “Mimi nitafungua redio ikisema. Wewe unangoja redio gani?”

Alitaka kumjibu jambo kali. Alilitafuta, na badala yake akamsimulia habari za ile sahani. Hakuwahi kumwambia. Alimweleza jinsi mama yake anavyoiweka kila jioni mahali pa baba, anavyoipangusa baada ya chakula ingawa ni safi, anavyoirudisha kabatini. Alimweleza kwamba siku tisa hizi amelala katika chumba chake cha utotoni akisikia maji yakimwagikia sahani isiyo na uchafu. Corentin alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye nondo.

“Nilidhani ni koliflawa,” alisema mwishowe.

“Koliflawa zipo. Ila si hizo zinazomliza. Anasema mwanamume anayeficha…”

“Anayeficha ndoa. Ameniambia. Amenipigia mara tatu.” Corentin aliinua kichwa. “Mara tatu, Sido, na nimemwitikia ‘ndiyo, Madamu’ mara zote. Nilikuwa nangoja. Nilisema, leo atamwambia mama yake ni nani aliyetaka iwe siri. Au kesho.”

Hata Mholanzi aliacha kutafuna.

Kwa maana ukweli ulikuwa huo, na Sidonie alikuwa ameubeba siku tisa. Corentin alitaka kwenda Vaucreuse tangu mwanzo. Alitaka kula chakula cha Jumapili, kumletea Madamu chupa ya sharubati ya tofaa iliyochachushwa na baba yake, kukaa pale atukanwe kwa utaratibu. Mara nne aliomba, na mara nne Sidonie alikataa. Yeye ndiye aliyesema: tufunge kwanza, tumwambie baadaye. Kisha ubao ulipoitoa siri hiyo hadharani, alimwacha mama yake aamini kwamba ni wazo la yule wa Bretagne.

“Niliogopa,” alisema.

“Najua.”

“Na bado naogopa. Nikimwambia sasa, atakuwa amepoteza hata mtu wa kumkasirikia.”

“Atakukasirikia wewe. Wewe ni mwanawe, utavumilia.” Alitoa mfukoni kikopo kidogo cha bati, akakipitisha katikati ya nondo. Peremende za koo. “Chukua. Sauti imekukauka.”

Sidonie alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo mama yake alilitabiri. Alichukua peremende, kisha akatoa ile pete ndani ya karatasi yake na kuinyoosha mbele.

Corentin aliweka mikono yake nyuma.

“Siipokei kupitia nondo,” alisema. “Ukitaka kunirudishia, ngoja mlango ufunguke. Unipe tukiwa tumesimama sote mahali pamoja, na ukiweza kuondoka.”

Wakati huo kulisikika kishindo. Hakikuwa kikubwa, mtu angedhani kabati limeangushwa ghorofa ya chini. Lakini njiwa wote wa paa waliruka kwa pamoja, na Sidonie hakujua alivukaje zile hatua mbili. Alijikuta amening’inia kwenye nondo, mikono ya Corentin imepita katikati yazo na kumkamata mabega, paji lake la uso kwenye koti la Corentin, chuma baridi shavuni, na moyo mmoja kati ya ile miwili ukipiga mbio kiasi kwamba haukujulikana ni wa nani.

“Wamelilipua begi,” alisema Corentin juu ya nywele zake. “Imekwisha. Ndivyo wafanyavyo. Imekwisha, mpenzi.”

Hakumwachia, hata hivyo. Na kuhusu kilichofuata baina ya nondo ya tatu na ya nne, msimulizi wenu aligeuza macho, kwa malezi mema aliyopewa. Itoshe kusema kwamba Waholanzi, waliokuwa wakidhani tangu mwanzo kuwa hili ni onyesho lililomo ndani ya bei ya tiketi, walipiga makofi.

Redio ikakoroma. Corentin alisikiliza, akatoa ufunguo, akauzungusha mara mbili. Kilango kikafunguka, naye akatoka akasimama uani, mikono pembeni, akingoja. Sidonie aliitazama pete kiganjani. Kisha akaivaa, yeye mwenyewe, mbele yake, bila haraka.

“Twende,” alisema. “Kabla sijapata akili.”

Madamu alikuwa bado kwenye benchi la ukumbi mkubwa, wima, saa mkononi. Dakika kumi alizotoa zilikuwa zimegeuka kuwa saa moja na robo. Aliwaona wakija pamoja katikati ya nguzo. Macho yake yakashuka hadi kwenye kidole cha binti yake, yakabaki hapo.

“Mama,” alisema Sidonie, na kila neno lilirudishwa na matao. “Siri ile ilikuwa yangu. Corentin alitaka kuja kwako tangu mwanzo. Mara nne. Mimi ndiye niliyemkataza, na nimekuacha umtukane siku tisa.”

Madamu aliitia saa yake mkobani.

“Kwa nini?”

“Nilijua utalia.”

“Ningelia,” alisema Madamu. “Halafu ningepika.” Akakunja midomo, akaifunua. “Ulidhani mimi ni nini, Sidonie? Ulidhani nimeweka ile sahani ili ukae? Naiweka kwa sababu mkono umezoea. Nakuona unaitazama kila jioni, nasema, mtoto anamkumbuka baba yake. Kumbe ulikuwa unaniogopa.”

Sidonie alikaa benchini kando yake. Madamu hakumkumbatia, si desturi ya Vaucreuse. Alimsogezea mkoba wake ili apate nafasi. Kisha akamwinulia macho yule kijana mrefu.

“Na wewe, Bwana. Nimekupigia mara tatu.”

“Ndiyo, Madamu.”

“Nimesema maneno kuhusu wazazi wako ambayo sitayarudia. Ungeweza kunijibu.”

“Halikuwa langu kulisema, Madamu. Lakini nina kosa langu. Mara ya tano nilipaswa kuja bila ruhusa.”

Madamu alimwangalia toka nywele hadi viatu. Aliangalia vifundo vya mikono vilivyochomoza, akaangalia kishada cha funguo.

“Jumamosi ni saa ngapi?” aliuliza.

“Saa nne asubuhi.”

“Basi nitahitaji mkasi wangu. Huwezi kwenda mbele ya meya na mikono mifupi namna hiyo, Corentin; upindo wa koti una kitambaa cha kutosha, nitaufumua.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Sidonie aliinamisha uso kwenye bega la mama yake, na desturi ya Vaucreuse ikavunjwa kidogo.

Hapa ndipo hadithi ingepaswa kuisha, na msimulizi wenu alikuwa ameshaandaa sentensi nzuri sana kuhusu mwanga wa jioni. Lakini kutoka upande wa duka la vitabu alitokea afisa wa polisi, mwanamke mfupi mwenye uso wa kuchoka, na mkononi ameshika mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani. Ndani yake mlikuwa na soksi moja ya bluu, imeungua kidogo kwenye kisigino.

“Ndicho kilichobaki kinachosomeka,” alisema. “Kina jina. A. Charpentreau, mia moja na kumi na nne. Kuna mtu hapa anamjua?”

Ukimya wa ukumbi ule mliwahi kuusikia? Mimi nimeusikia.

“Charpentreau wako wengi Ufaransa,” ilisema sauti ndogo kutoka nyuma ya nguzo.

Madamu alinyoosha mkono, akaupokea mfuko, akausogeza karibu na macho. Lebo ilikuwa nyeupe, herufi nyekundu, imeshonwa pande zote nne kwa mshono mdogo uliobana. Aliisugua kwa kidole gumba juu ya nailoni.

“Nimeishona leo asubuhi, tukipita Chartres,” alisema. “Mshono umeshika.” Kisha, bila kugeuka: “Namba mia moja na kumi na nne, njoo hapa.”

Nikaenda.

Ndiyo, ni mimi. Apolline, asiye na umuhimu wowote. Mara mbili nimewaambia hivyo, na ningewaambia mara ya tatu kama soksi ile ingeungua vizuri. Sikwenda msalani. Nilisukuma begi langu chini ya benchi la mlango wa kutokea, kwa sababu Mama alikuwa ametoa dakika kumi, na mimi nilijua dada yangu anahitaji dakika arobaini ili kusema jambo moja la kweli. Nilidhani watafunga kidogo, watauliza, nitasema samahani, ni langu. Halafu milango ikafungwa, nami nikajikuta kwenye kijia nyuma ya mlango wa ua, sikio kwenye ufa, na mazungumzo yalikuwa mazuri mno kuyakatiza. Nusu niliyasikia mwenyewe. Robo alinisimulia Sidonie. Robo iliyobaki ni ya kwangu, na ile habari ya kugeuza macho ni uongo: ufa ulikuwa mdogo tu.

Sikufikiria kwamba wataleta mashine ya kulipulia begi. Sikufikiria watu sitini na wawili. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kofia ya kijani aliyekuwa anawahi treni ya Lille kumwona mjukuu wake wa kwanza, na alipoambiwa begi ni la nani, hakunifokea. Alinitazama tu, akavaa glavu zake. Huyo ndiye ninayemwona nikifumba macho, si wale wawili wa kwenye nondo.

Haya yote nilimwambia afisa, nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu mkuu. Aliandika kila kitu. Alipomaliza aliniuliza kama nina la kuongeza, nami nikasema ndiyo: nilikuwa najuta, na kama ingelazimu kufanya tena, namwomba Mungu anisamehe, ningefanya tena, ila ningetoa soksi kwanza.